Moto wa Aprili

Sehemu ya 1

Nesi wenu nimetoka zamu ya usiku, nimekunywa chai, na kabla sijalala nataka tuongee habari ya jiko la kuni. Si la kupikia. Ni lile la chuma linalokaa sebuleni, lenye mlango wa kioo na bomba linalopanda mpaka juu ya paa. Wengi wetu huku Maine tumelikuta kwenye nyumba za kupanga, na hakuna aliyetufundisha namna ya kuishi nalo.

Najua mtasema: nesi, theluji inayeyuka, watoto wameanza kutoka nje, jiko la nini tena? Ndiyo maana nimengoja mpaka sasa. Januari jiko hilo halina maneno mengi. Unawasha, linavuta, nyumba inapata joto. Maneno yanaanza Aprili, asubuhi ikiwa na barafu kwenye kioo cha gari na mchana unavua koti.

Nitawasimulia yangu kwanza. Nilikuwa na mwaka wa tatu hapa, mtoto wangu wa kwanza ana miezi saba. Nasomea leseni ya unesi huku nafanya kazi ya kuhudumia wazee, kwa hiyo usingizi ulikuwa kitu cha kuokoteza. Siku hiyo asubuhi kulikuwa na baridi ya kuganda, mchana jua likapanda mpaka nyuzi 15 hivi za Selsiasi. Nikafanya kama alivyokuwa akifanya bibi yangu Njombe mwezi wa saba: moto mdogo, wa taratibu, mtoto asishikwe na baridi. Niliweka magogo mawili, nikasukuma kile kilango cha hewa mpaka karibu kifungike, nikajilaza na mwanangu kwenye kochi. Ilikuwa kama saa saba mchana.

Niliamka kichwa kinagonga, tumbo linachafuka, chumba kina ukungu mwembamba wenye harufu ya samaki wa kukaushwa. Nikasema haya ni mafua ya kule kazini. Mtoto alikuwa bado amelala. Saa tatu mfululizo, yeye ambaye mchana hajawahi kulala zaidi ya saa moja. Nikamshukuru Mungu kwa usingizi ule, nikafumba macho tena. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mume wangu alirudi mapema. Akafungua mlango, akasema "mbona moshi?", akambeba mtoto kwa mkono mmoja na mimi akanikokota kwa mwingine mpaka nje. Zimamoto walikuja na kipimo chao. Kengele ya gesi ya sumu ilikuwepo ukutani, tena mpya, ila haina betri. Niliiona haina betri siku tuliyohamia, nikasema nitanunua.

Mtoto alipona, ana miaka tisa sasa na anabishana na kila kitu. Lakini kuna mzee mmoja wa zimamoto aliinama mbele ya jiko letu, akaweka kiganja mlangoni, akasema: dohani yenu inapumua kwenda chini. Nikadhani ananitania. Dohani, yaani lile bomba lote la moshi mpaka juu ya paa, itapumuaje kwenda chini? Swali hilo lilinikaa, na baada ya mitihani nikaanza kusoma. Nilichokikuta ni historia ndefu kuliko nilivyotegemea.

Sehemu ya 2

Mtu wa kwanza wa kumuuliza ni Benjamin Franklin, yule mwenye sura kwenye noti ya dola 100.

Miaka ya 1740 aliishi Philadelphia, na kuni zilikuwa zimeanza kuwa ghali. Misitu ya karibu na miji ilishakatwa, kuni zikawa zinatoka mbali. Na watu walizichoma vibaya: sehemu ya moto ilikuwa wazi ukutani, pana kama mlango, na joto karibu lote likapanda na moshi. Mbele ya moto unaungua uso, mgongo unaganda.

Franklin akabuni kasha la mabati mazito ya chuma la kuingiza ndani ya ile sehemu ya moto. Rafiki yake Robert Grace, mwenye tanuri la kuyeyushia chuma, akawa anamtengenezea. Mwaka 1744 alichapisha kitabu kidogo kulieleza. Gavana alitaka kumpa hati ya kumiliki uvumbuzi huo peke yake, Franklin akakataa, akisema sisi wenyewe tunafaidi uvumbuzi wa wengine. Mfua vyuma mmoja wa London alilibadilisha kidogo, akachukua hati yeye, akapata pesa. Ya dunia hayo.

Sasa sikilizeni ujanja uliokuwa ndani yake. Ili moshi uache joto lake ndani ya nyumba, Franklin aliulazimisha upande juu ya kisanduku cha chuma, kisha ushuke nyuma yake, upite chini ya sakafu, ndipo upande dohani. Kwenye karatasi ni akili kubwa. Nyumbani kwa watu ilikuwa shida, kwa sababu moshi haupendi kushuka. Dohani ikiwa ya moto inauvuta, unashuka kwa kulazimishwa. Dohani ikiwa ya baridi, moshi unarudi kukutembelea sebuleni. Watu waliong'oa sehemu zile za ndani, na majiko mengi yanayoitwa kwa jina la Franklin leo hayana ile njia yake ya kushuka.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa mzee wa zimamoto. Dohani haina feni. Kinachovuta moshi ni tofauti ya joto tu: hewa ya moto iliyo ndani ya bomba ni nyepesi kuliko hewa ya baridi iliyo nje, kwa hiyo inapanda. Januari nje kukiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, tofauti ni kubwa na jiko linavuta mpaka linanguruma. Aprili mchana, nje kukiwa na joto karibu sawa na ndani, na wewe umewasha kimoto cha kujionea huruma, mvuto unabaki mdogo sana. Upepo kidogo tu, au feni ya jikoni ya kutolea mvuke ikiwashwa, na hewa inageuza njia.

Na Franklin mwenyewe aliliona hilo. Mwaka 1758, akiwa London, alimwandikia rafiki yake James Bowdoin wa Boston barua kuhusu dohani wakati wa kiangazi, zikiwa hazina moto kabisa. Alikuwa amezichunguza. Kuanzia kama saa kumi na moja au kumi na mbili jioni mpaka saa mbili au tatu asubuhi, hewa hupanda. Halafu inasitasita kama nusu saa hivi, kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Kisha inaanza kushuka, na inashuka mpaka karibu saa kumi na moja jioni. Sababu ni matofali: yanapokea joto na baridi polepole kuliko hewa, kwa hiyo asubuhi bado yana ubaridi wa usiku na yanaipoza hewa iliyo ndani yake, ikawa nzito, ikashuka. Akapendekeza hata kwamba mtu anaweza kutumia upepo huo kupozea nyama na maziwa.

Someni tena hizo saa. Mimi nilijilaza saa saba mchana.

Sehemu ya 3

Wengi mmeuliza kwenye maoni kama wenyeji wa zamani walikuwa wanaacha jiko likiwaka mpaka lini. Jibu ni kwamba wengi waliling'oa kabisa.

Karne ya 19 majiko ya chuma yalienea majumbani kaskazini mwa Marekani. Baridi ikiisha, kazi mojawapo kubwa ya usafi ilikuwa kushusha mabomba, kubeba jiko lote la sebuleni mpaka bandani, na kulirudisha vuli ikifika. Magazeti ya wakati huo yalijaa vichekesho vya baba akishika bomba juu ya ngazi na masizi yakimmwagikia usoni, mkewe akimwambia pole huku akiangalia zulia. Tunacheka, lakini ukilitoa jiko nje hakuna atakayeliwasha Mei kwa sababu ya mvua ya siku moja.

Kuna mwanamama wa hapa hapa petu niwakumbushe. Harriet Beecher Stowe, aliyeandika kitabu cha "Uncle Tom's Cabin" kilichowatikisa wenye watumwa, alikiandika akiwa Brunswick, Maine, alikohamia mwaka 1850, mjamzito, na watoto wanamzunguka. Mwaka 1869 yeye na dada yake Catharine walitoa kitabu kingine, cha utunzaji wa nyumba, "The American Woman's Home". Humo walilalamika sana kuhusu majiko yaliyofungwa kwenye vyumba vilivyofungwa, familia nzima ikipumua hewa ileile miezi yote ya baridi. Sayansi yao haikuwa sahihi yote. Waliogopa mno hewa iliyokwisha kupumuliwa kuliko gesi ya moto wenyewe. Lakini dirisha walilotaka lifunguliwe ni lilelile ninalotaka mlifungue.

Halafu majivu. Haya yalikuwa mali. Majivu ya majira yote ya baridi yalihifadhiwa, na majira ya kuchipua wanawake wa New England waliyatia kwenye pipa lenye majani makavu chini, wakamwagia maji, wakakinga kinachochuruzika. Maji hayo makali yalichemshwa na mafuta ya wanyama kupata sabuni ya mwaka mzima. Hati ya kwanza kabisa ya uvumbuzi iliyotolewa na serikali ya Marekani, tarehe 31 Julai 1790, alipewa Samuel Hopkins kwa njia mpya ya kutengeneza chumvi ya majivu. Mkinikumbuka kwa jambo moja mezani, mtaje hilo. Nasi nyumbani wengine tumekula mboga zilizolainishwa kwa maji ya majivu, kwa hiyo mnajua majivu yana nguvu. Ndiyo maana mtoto anayetambaa hatakiwi kuchezea ndoo ya majivu, na yakimwingia machoni unaosha kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu, kisha unakuja hospitali.

Hatari yao nyingine imejificha zaidi. Majivu ni blanketi. Kaa dogo likilala ndani yake linabaki hai siku kadhaa. Aprili mtu anasema jiko limepoa tangu juzi, anazoa majivu kwa mfuko wa karatasi au ndoo ya plastiki, anaweka kwenye baraza ya mbao. Usiku baraza inawaka. Ndoo iwe ya chuma, yenye mfuniko wa chuma, ikae nje chini kwenye udongo au mawe, mbali na nyumba.

Sehemu ya 4

Sehemu hii ni nzito. Kama una mtoto wa miaka sita mapajani, utaisoma kwa shida kama nilivyoisoma mimi.

Moshi wa kuni ukipoa ndani ya dohani unaacha uchafu: masizi, na kitu cheusi kama lami kinachoitwa kreosoti. Kinanata, kinakauka, na kikishika moto dohani inawaka kutoka ndani kwa sauti kama ya ndege inayoruka. Kwa hiyo lazima kisafishwe. Leo fundi anakuja na brashi ndefu na mashine ya kunyonya vumbi. Zamani Uingereza walitumia watoto.

Dohani za London zilikuwa nyembamba na zenye kona, mtu mzima hapiti. Mtoto wa miaka sita, wakati mwingine minne, anapita. Walichukuliwa yatima na watoto wa maskini, mara nyingine wakauzwa na wazazi wenyewe. Walipanda kwa magoti na viwiko, wakikwangua masizi yanayowaangukia machoni. Ngozi ya magoti ilisuguliwa kwa maji ya chumvi karibu na moto ili iwe ngumu. Walilala juu ya magunia ya masizi na kuoga mara chache mno.

Mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika kwamba wanaume waliofanya kazi hiyo tangu utotoni walikuwa wanapata saratani ya ngozi ya korodani, na chanzo ni masizi yaliyokaa kwenye mikunjo ya ngozi. Kwenye unesi tunafundishwa jina lake, kwa kuwa ni mara ya kwanza daktari kuonyesha kwamba kazi ya mtu inaweza kumpa saratani. Tulifundishwa jina la daktari. Majina ya watoto hatukufundishwa.

Sheria ya 1788 ilisema asichukuliwe mtoto chini ya miaka minane. Haikufuatwa. Sheria ya 1840 ilikataza kupanda dohani mtu yeyote chini ya miaka 21. Haikufuatwa. Brashi za kufanya kazi hiyo zilikuwepo tayari, ila wenye nyumba walisema mtoto anasafisha vizuri zaidi. Februari 1875 kijana George Brewster, wa miaka kama 11 au 12, alipandishwa dohani za hospitali moja karibu na Cambridge, akakwama. Walibomoa ukuta kumtoa. Akafa muda mfupi baadaye. Mwajiri wake alifungwa miezi sita na kazi ngumu, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria iliyotaka kila msafisha dohani awe na kibali cha polisi, na safari hii ikafuatwa.

Marekani nayo haikuwa na mikono safi. Kwenye miji kama New York na Charleston waliopandishwa dohani wengi walikuwa watoto weusi, wengine wakiwa watumwa. Nikipita mbele ya zile nyumba za zamani zenye dohani nne, ambazo watalii wanapiga picha, siwezi kutofikiria ni goti la nani lilipita humo.

Kwa hiyo fundi akikutajia bei ya kusafisha dohani, na ukaona ni kubwa, ni kweli ni kubwa. Lakini lipa. Na lipa sasa, si Oktoba. Kreosoti ikikaa kiangazi kizima na unyevu inakula chuma na matofali, na siku za joto hewa inaposhuka, kama Franklin alivyoona, nyumba yote itanuka jivu lililolowa. Kama ni nyumba ya kupanga, mwandikie mwenye nyumba kwa maandishi umuombe, uhifadhi ujumbe.

Sehemu ya 5

Sasa twende haraka mpaka 1973. Oktoba mwaka huo nchi za Kiarabu zilikataa kuiuzia Marekani mafuta. Maine ilikuwa na bado ni jimbo linalopasha nyumba joto kwa mafuta kuliko karibu yote, na watu walikimbilia kuni kama babu zao. Viwanda vya majiko vilifufuka, mengine yakaja kwa meli kutoka Norway.

Majiko hayo yalikuwa na sifa moja ambayo wauzaji waliipigia debe: hayapitishi hewa. Unajaza magogo saa nne usiku, unafunga hewa, asubuhi bado kuna moto. Nani asingependa? Ila moto ulionyimwa hewa hauungui, unafuka. Moshi wote ambao ungekuwa joto unapanda haujaungua, unagusa bomba la baridi, unakuwa kreosoti. Moto wa dohani ukawa habari ya kawaida vijijini, na mabonde yenye majiko mengi yakawa na ukungu wa moshi. Oregon ilikuwa jimbo la kwanza kuweka sheria ya moshi wa majiko haya, miaka ya 1980. Serikali kuu ikafuata mwaka 1988, na kanuni zimekazwa tena mpaka 2020, ambapo jiko jipya linatakiwa lisitoe zaidi ya gramu 2 mpaka 2.5 za chembechembe za moshi kwa saa. Ya 1988 yaliruhusiwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Jiko lililokuwa sebuleni kwetu lilikuwa la kabla ya sheria zote hizo.

Kilichonishangaza ni kwamba jibu lilikuwepo miaka mia mbili kabla. Uswidi nayo iliogopa kuishiwa kuni. Mwaka 1767 Carl Johan Cronstedt na Fabian Wrede, kwa kuagizwa na serikali, walitengeneza jiko kubwa la matofali na vigae lenye njia za moshi zinazopanda na kushuka ndani kwa ndani. Siri haikuwa moto wa polepole. Ulikuwa moto mkali, mfupi, wenye hewa ya kutosha, na matofali yanalishika joto lake yakalitoa taratibu saa nyingi baada ya moto kuzimika. Familia ilipata joto usiku bila moto wowote kuwaka.

Bibi yangu wa Njombe angekubaliana na nani? Nadhani na Waswidi. Moto wake ulikuwa mdogo, ndiyo, lakini jiko lake lilikuwa mafiga matatu na nyumba ina upenyo wa hewa kila mahali. Mimi nilichukua moto wake nikaufungia kwenye sanduku la chuma, ndani ya nyumba iliyozibwa kila tundu.

Sehemu ya 6

Gesi yenyewe. Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu. Ule moshi nilioamka nikaunusa ulikuwa bahati yangu, mara nyingine moshi hauonekani.

Mfaransa Claude Bernard, miaka ya 1850, alionyesha inavyofanya: inakaa mahali pa oksijeni kwenye chembe nyekundu za damu, na inang'ang'ania hapo zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inabaki nyekundu nzuri, haibebi kitu. Baadaye Mwingereza John Scott Haldane alikuwa akichunguza vifo vya wachimba makaa ya mawe. Alijipima mwenyewe kwa kuivuta, kisha akapendekeza wachimbaji washuke na wanyama wadogo, panya au ndege, kwa kuwa mwili mdogo unapumua haraka na unaanguka mapema. Ndege hao walitumika migodini Uingereza mpaka miaka ya 1980.

Mwili mdogo unaanguka mapema. Sebuleni kwangu siku ile ndege alikuwa ni mwanangu.

Kwa mjamzito ni zaidi. Damu ya mtoto aliye tumboni inaishika gesi hii kwa nguvu kuliko ya mama na inachelewa kuiachia. Mama anaweza kusikia nafuu kabla mtoto hajapata nafuu. Kwa hiyo ukiwa na mimba na umekaa kwenye moshi, usiseme nimepunga upepo nimepona. Njoo upimwe.

Dalili ni kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu. Zinafanana na mafua, ila hakuna homa. Jiulize maswali mawili: je, nyumba nzima tumeumwa pamoja, hata paka? Na je, tukitoka nje tunapata nafuu? Kama ndiyo, tokeni wote, pigeni 911 mkiwa nje, na muwaambie neno "jiko la kuni". Jingine ambalo hata baadhi ya wahudumu husahau: kile kipimo cha kubana kidoleni kinadanganywa na gesi hii. Kitaonyesha 98 na mtu anazimia. Omba wapime damu.

Na msidhani ni majiko tu. Januari 1993 tufani ilikata umeme Seattle, watu wakaingiza mkaa ndani kujipasha joto. Wengi wa walioumia kwa mkaa huo walikuwa wahamiaji wasiosoma Kiingereza. Ndipo miaka michache baadaye mifuko ya mkaa nchini ikalazimika kuwekwa onyo la michoro, si maneno peke yake. Kauangalieni mfuko wenu wa kuchomea nyama. Sisi tuliolelewa na jiko la mkaa chumbani mwezi wa sita tunaipita picha hiyo bila kuiona.

Sehemu ya 7, na ya mwisho

Mmeniomba niwaambie nafanyaje kwangu. Tuna nyumba yetu sasa, na jiko la kuni bado lipo, jipya kidogo. Sijaliogopa, nimelijua.

Kuanzia mwezi wa tatu mwishoni siwashi mchana. Nawasha alfajiri au jioni, nje kukiwa na baridi, moto mdogo wa vijiti vikavu vilivyopasuliwa vyembamba, hewa imefunguliwa wazi, uwake kwa nguvu kama dakika arobaini uishe. Kabla ya kuwasha nafungua mlango wa jiko na kushika kiganja kama alivyofanya yule mzee. Nikihisi ubaridi unanishukia mkononi, nafungua dirisha la karibu kidogo na kuchoma gazeti moja lililokunjwa juu kabisa ndani ya jiko, dohani ipate joto kwanza. Likigoma mara mbili, naacha. Tunavaa masweta. Kilango cha hewa sikifungi mpaka makaa yote yamekufa, kwa sababu makaa yasiyo na mwali ndiyo yanayotoa gesi hiyo kwa wingi, na hapo ndipo mtu anasema moto umeisha, ngoja nifunge joto lisipotee.

Kengele tunazo mbili, moja sebuleni, moja nje ya chumba cha watoto. Betri nabadilisha siku tunayobadilisha saa, na mwanangu ndiye anayebonyeza kitufe cha majaribio, huku mdogo wake ameziba masikio. Wapangaji: sheria ya Maine inamtaka mwenye nyumba ya kupanga aweke kengele hii. Huombi fadhila.

Jana jioni tuliwasha, nadhani ndiyo ya mwisho mwaka huu. Baba watoto alitaka kuongeza gogo moja, nikamwambia acha, akaacha. Ndoo ya majivu iko nje juu ya mawe, mfuniko umefungwa, na itakaa hapo wiki nzima. Fundi wa dohani anakuja Alhamisi saa mbili asubuhi. Nitamuomba anionyeshe kilichotoka, nikipata picha nitaiweka hapa.